Kisima cha Fumbua Upate

2 Desemba

Gari la televisheni limefika kijijini Kwa Halu leo. Watoto walikimbia wakidhani ni gari la chanjo, kisha wakaona kamera wakarudi.

Aliyeshuka ni dada mmoja anaitwa Sara, mtayarishaji wa kipindi cha Fumbua Upate. Alikuwa na viatu vyeupe na hakujali vumbi. Alimwamkia Mama Evarista shikamoo huku akipiga goti kidogo, akapokea kikombe cha maji ya korongoni, yenye rangi ya chai ya maziwa, akayanywa yote bila kukunja uso. Nilimpenda papo hapo.

Kipindi ni cha mafumbo ya kuchemsha bongo, yale yanayokutega ukajibu haraka halafu ukaumbuka. Msimu huu wanaoshindana ni vijiji visivyo na maji, vijiji vinane vya mkoa wetu, kila kimoja kikitoa watu wawili. Kitakachobaki mwisho kitachimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua na tangi juu ya mnara.

Mama Evarista, ambaye nimepanga kwake na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, aliuliza swali moja tu. "Na wale saba wengine?"

Sara akasema watapewa vyeti.

3 Desemba

Mkutano wa kijiji. Nimechaguliwa mimi kwa sababu nafundisha hisabati, na kwa sababu, nadhani, mimi si wa hapa. Nikishindwa sitakuwa nimeaibisha ukoo wa mtu. Miaka sita nimeishi Kwa Halu, na bado wanawake wakitaka nisiwaelewe wanahamia Kisandawe, zile sauti za kidoko zikipasuka midomoni mwao, na mimi Mgogo wa Chamwino nabaki kutabasamu.

Wa pili ni Halfani, Mrangi mwenye duka. Hapo pakawa na kelele. Halfani ndiye mwenye toyo, pikipiki ya matairi matatu, na ndiye anayetuletea madumu ya maji kutoka chemchemi ya mbali na kutuuzia. Kisima kikija biashara yake inakufa. Mama mmoja akasimama akasema kumpeleka Halfani ni kumpa fisi bucha.

"Basi nitajieni mwingine anayenishinda kwa fumbo," Halfani akasema.

Hakutajwa mtu. Ana akili kali kweli. Tatizo ni kwamba anajua anayo.

7 Desemba

Mawingu mpaka saa sita, kisha upepo. Hakuna mvua.

8 Desemba

Mawingu, upepo. Hakuna mvua.

14 Desemba

Mazoezi dukani. Halfani anajibu kabla sijamaliza kusoma. "Mwalimu, fumbo ni kama mteja mjanja," ananiambia. "Mtazame mkono, usimsikilize mdomo."

Nikamuuliza anajisikiaje kushindania kitu kitakachomfungia kazi. Akaendelea kupanga sabuni kwenye rafu kana kwamba sikusema kitu. Mkewe Naima, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akaacha kupepeta, akanitazama, kisha akaendelea.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mama Evarista kwamba naogopa Halfani atatuuza. Alikuwa akichambua mbegu za uwele. "Inawezekana," akasema. "Lakini wewe peke yako hushindi."

22 Desemba

Mvua. Imeanza alasiri na imenyesha mpaka kuku wakasahau kulala. Kesho kijiji kizima kitakuwa shambani.

25 Desemba

Krismasi. Kanisani watu wachache, shambani wengi. Mama Evarista amepanda mtama na uwele, na kipande kidogo cha alizeti. Nilimsaidia mistari miwili, akanirudisha nyumbani kwa sababu nafukia mbegu chini mno.

11 Januari

Tumerekodi mzunguko wa kwanza, Dodoma mjini, katika ukumbi wa kukodi kule Miyuji. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na taa zinazoumiza macho. Kibao kikiinuliwa watu wanapiga makofi, kikishushwa wananyamaza. Mtangazaji anaitwa Wilbert. Kabla ya kurekodi alituuliza majina yetu mara mbili kwa sauti ndogo, akiomba radhi kwamba husahau. Kamera zilipowaka akawa mtu mwingine, akaunguruma kama anatangaza ngumi.

Fumbo letu lilikuwa la ndoo. Walituletea ndoo mbili halisi, moja ya lita tano na moja ya lita tatu, na pipa la maji masafi yanayometameta. Tupate lita nne kamili bila kipimo kingine. Wenzetu wa kijiji cha Mpwapwa walikuwa bado wanashauriana wakati Halfani ameshakunja mikono ya shati. Akajaza ya lita tano, akamimina kwenye ya lita tatu mpaka ikajaa, zikabaki mbili. Akaimwaga ile ndogo sakafuni. Akahamishia humo zile mbili, akajaza tena ile kubwa, akaimimina taratibu mpaka ile ndogo ikajaa. Kwenye kubwa zikabaki nne.

Kibao kikainuliwa. Tumeshinda.

Sara alitukumbatia wote wawili. Alisema sisi ni timu ambayo kamera inaipenda.

18 Januari

Kipindi kimerushwa. Tulitazama dukani kwa Halfani, watu wamejaa mpaka barabarani. Walishangilia kila tulipotokea. Lakini Halfani alipomwaga ile ndoo na maji yakatambaa sakafuni chini ya taa, shangwe ikakatika. Wanawake wakaguna.

"Aliyetunga hilo ana maji ya kumwaga," Mama Evarista akasema.

Halfani akazima sauti ya televisheni na kuwapa watoto pipi.

24 Januari

Mvua kidogo. Uwele umefika magotini.

2 Februari

Hakuna mvua wiki nzima.

5 Februari

Hakuna mvua. Majani ya mtama yamejikunja. Darasani nimeuliza saba mara nane, mtoto mmoja akasinzia huku amesimama. Alikuwa korongoni tangu alfajiri akingojea shimo lijae. Wanachimba mchangani, maji yanachuruzika kidogo kidogo, unachota kwa kata. Sikumwadhibu.

8 Februari

Nusu fainali. Nataka niandike yote nikiwa bado nayakumbuka.

Wilbert alisoma: "Konokono ameanguka ndani ya kisima chenye kina cha mita kumi. Kila mchana anapanda mita tatu, kila usiku anateleza mita mbili. Atatoka siku ya ngapi?"

Halfani ndiye aliyekuwa na kengele mbele yake. Fumbo la namna hii tulilifanya dukani mara nyingi, anaweza kulijibu usingizini. Hakubonyeza. Nikamtazama, ameganda, mkono hewani. Wapinzani wetu wa Bahi wakabonyeza wakasema siku ya kumi. Si sahihi. Zamu ikaja kwetu, Halfani bado kimya, nikasema mimi: siku ya nane, kwa maana siku hiyo akishafika juu hatelezi tena. Tukashinda. Nilijua sasa nina ushahidi kwamba anatuuza.

Nilimngoja mpaka tulipotoka. Tulikuwa soko la Majengo, yeye akinunua bidhaa za duka kwa wauza nafaka, mimi nikimfuata kati ya magunia ya maharage.

"Ulinyamaza makusudi," nikamwambia.

"Sikunyamaza makusudi."

"Fumbo la mtoto wa darasa la nne, Halfani. Ungesema tu hutaki kisima, tungempeleka mwingine."

Akaweka chini kiroba alichobeba. Alizungumza bila kunitazama, anatazama mizani ya muuzaji.

"Nilisikia ameanguka ndani ya kisima. Mengine sikuyasikia. Kabla hatujahamia kwenu tulikuwa Kondoa, upande wa chini. Binti yetu alikwenda korongoni na wenzake. Shimo likabomoka. Mchanga, mwalimu. Hata kelele haukupiga. Nilikuwa safarini kutafuta mali ya duka." Akapangusa vumbi la kiroba mikononi. "Nilipohamia huko nikanunua toyo. Nikasema, wakiletewa maji mlangoni watoto hawatakwenda kwenye mashimo. Lakini siwezi kuyaleta bure, petroli sipewi bure. Kwa hiyo naitwa fisi. Sawa."

Nikabeba upande mmoja wa kiroba, tukaenda stendi. Nimefika nyumbani na sijamwambia mtu.

11 Februari

Hakuna mvua.

15 Februari

Hakuna mvua. Mama Evarista amekwenda shambani asubuhi akarudi mapema, akaketi. Nilimuuliza uwele ukoje. Akasema, "Upo umesimama," kwa namna mtu anavyosema habari za mgonjwa.

16 Februari

Nimeanza kusalimiana na Naima vizuri. Ananiita dada sasa.

23 Februari

Hakuna mvua. Ng'ombe wanne wa jirani wamekufa. Padri ameombea mvua, sheikh wa Kwa Halu pia. Kila ninapopita watu wananiambia kitu kilekile: "Mwalimu, tunawategemea." Zamani walikuwa wanasema tunamtegemea Mungu.

8 Machi

Fainali, Miyuji. Mfungo umeanza na Halfani amefunga. Midomo yake imekauka, amekataa hata kusukutua.

Wapinzani wetu walikuwa baba na binti yake kutoka Chifutwe, wilaya ya kwetu Chamwino. Binti anaitwa Shamila, ana umri wa wanafunzi wangu wa zamani waliokwisha kuolewa. Aliponisikia nikizungumza Kigogo na mama yangu kwenye simu akatabasamu. "Mbukwenyi," akanisalimu. Nikaitikia. Tulikaa kwenye benchi la nyuma tukiongea Kigogo kama ndugu. Aliniambia kwao wanachota maji kwenye lambo pamoja na ng'ombe, na mwaka huu lambo limebaki tope. Aliniambia mama yake ni mjamzito na bado anabeba ndoo. Sikumwambia habari zetu. Zingesaidia nini?

Fumbo la mwisho lilikuwa hili. Kuna chumba kilichofungwa, ndani kuna taa moja. Nje kuna swichi tatu, moja tu ndiyo ya taa hiyo. Unaruhusiwa kucheza na swichi upendavyo, kisha unaingia chumbani mara moja tu. Utajuaje swichi ya taa ni ipi?

Shamila alibonyeza kwanza. Ana haraka nzuri yule binti. Akasema atawasha mbili na kuacha moja. Wilbert akamuuliza, "Na ikiwaka, utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili?" Akafikiri mpaka muda ukaisha. Niliona midomo yake ikienda, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu.

Halfani akaninong'oneza, "Sijui. Taa ni kuwaka na kuzima tu, hakuna kingine." Na kwake ni kweli. Taa zote za Kwa Halu ni hizi ndogo nyeupe za umeme wa jua, unazishika kama unashika kijiko. Lakini mama yangu Chamwino alikuwa akifuga vifaranga ndani ya boksi na kuwawekea glopu ya zamani, ile ya manjano, iwape joto. Niliwahi kuunguza kidole kwa glopu ile ikiwa imezimwa.

Nikasema: nitawasha swichi ya kwanza, nisubiri kidogo, niizime. Nitawasha ya pili, kisha niingie. Taa ikiwa inawaka, ni ya pili. Ikiwa imezima lakini ni ya moto, ni ya kwanza. Ikiwa imezima na ni baridi, ni ya tatu.

Karatasi za rangi zikamwagika kutoka juu. Wilbert akainua mkono wangu. Halfani alikuwa akilia wazi wazi, naye si mtu wa kulia. Nilipogeuka kumtafuta Shamila, alikuwa amekaa chini kando ya jukwaa na cheti mapajani, baba yake amesimama karibu naye ameshika kofia. Nikamwendea.

"Glopu ya moto," akasema kwa Kigogo. "Dada, mimi sijawahi kuona taa ya moto."

Nilimshika bega nikarudi kupigwa picha.

9 Machi

Tumerudi. Ngoma, vigelegele, mbuzi amechinjwa na watu wasio na cha kula. Mama Evarista alinishika mashavu kwa mikono yote miwili akasema jambo kwa Kisandawe, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanitafsiria. "Nimesema umekuwa wa hapa."

14 Machi

Halfani ameuza toyo. Kuna mtu wa Kondoa alikuja kuichukua. Amenunua mashine ya kukamua alizeti, imetumika lakini nzima. "Maji yakija, mimi nifanye nini na madumu?" akasema. Nikamwambia angesubiri kidogo. Akacheka. "Mwalimu, ulisema mwenyewe siku ya nane konokono hatelezi tena."

17 Machi

Alizeti zimekauka kabla ya kutoa vichwa. Za kila mtu.

20 Machi

Mvua kubwa ya saa moja. Imekuja imechelewa, imebeba udongo wa juu na kwenda nao. Korongo limejaa na kupita. Jioni limebaki mchanga.

25 Machi

Mtambo wa kuchimba umefika. Watu wamekaa kuuzunguka tangu asubuhi kana kwamba ni msiba au arusi. Msimamizi ni mtu mzima mpole anaitwa Fulgence. Nilimuuliza kama walipima kwanza wapi pana maji. Akasema upimaji wameufanya jana, baada ya mtambo kuwa tayari njiani, na kwamba angependa ufanywe kabla.

26 Machi

Maji yametoka. Yaliruka juu, watoto wakaingia chini yake na nguo zao. Wanawake walianguka magotini. Mama Evarista alikinga viganja akanywa, akabaki ameyashika mdomoni. Nilikuwa mbele yake, niliona macho yake yakitulia, yakawa kama ya mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akatema pembeni, kwa adabu, akifunika mdomo kwa khanga.

Nikaonja. Ni chumvi. Si ile chumvi ya kusema maji ni mazito kidogo. Ulimi unakuwa kama umelamba jasho la punda. Fulgence akachukua kidogo kwenye chupa, lakini alishajua.

"Mwamba wa hapa wote uko hivyo," akaniambia tulipokuwa peke yetu. "Ukichimba mita ishirini kando ni yale yale. Pole, mwalimu." Alikuwa anafuta mikono na tambara, anaifuta na kuifuta. "Bora kingekwenda kwa wale wenzenu wa Chifutwe. Kule tuliwahi kupima kwa mradi uliokufa. Maji matamu, wala si mbali chini."

Nimekaa kitandani tangu nirudi. Nakumbuka vizuri nilivyosema. Ikiwa imezima lakini ni ya moto, ni ya kwanza.

27 Machi

Nimempigia Sara. Nimemweleza yote, nikamwomba mtambo uende Chifutwe. Nikamwambia sisi tutakubali, tusaini popote, kisima kiwe chao.

"Mwalimu Gladness," akasema kwa ile sauti yake laini, "Chifutwe walishindwa."

Nikamwambia maji yetu hayanyweki.

"Tuliahidi kisima, na kisima kipo. Mkataba wa mtambo ni shimo moja. Mimi naumia kama wewe, niamini. Lakini kipindi cha mwisho kina wadhamini, na wadhamini wanangoja kuona watu wanakunywa."

28 Machi

Nilidhani Mama Evarista angenisifu. Nilimweleza nilivyomwomba Sara awape Chifutwe. Akaacha kusonga ugali.

"Ulimuuliza nani?"

"Maji ni ya chumvi, mama. Wale wangekunywa."

"Nimekuuliza ulimuuliza nani. Kijiji kilikutuma ukakiletee kisima. Kikaja kibaya. Na wewe ukakichukua ukakigawa, umekaa chumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Hakupaza sauti. "Labda tungekubali. Labda ningesimama mimi mwenyewe niseme wapewe. Sasa hatutajua."

Akarudi kusonga ugali.

31 Machi

Idi. Naima ameniletea pilau. Halfani hakutoka ndani.

4 Aprili

Mashine ya alizeti ya Halfani imefunikwa turubai. Hakuna alizeti ya kukamua kijiji kizima. Hakuna toyo ya kuleta maji. Watu wote wamerudi korongoni, hata wale waliokuwa wananunua. Leo asubuhi nimeona watoto wa Halfani njiani na ndoo, na yeye mwenyewe mbele yao, ameshika sepeto. Hakubali wachimbe. Anachimba yeye, wao wanakaa mbali.

9 Aprili

Wamekuja kurekodi kipindi cha mwisho. Tangi limepakwa rangi ya buluu na jina la kipindi. Kabla ya kamera likaja boza, lori la tangi la maji, kutoka mjini, likarudi nyuma mpaka chini ya mnara, wakapandisha mpira na kulijaza tangi.

Sara alitukusanya mimi, Halfani na Mama Evarista. Bado anapiga goti akiamkia. "Leo bomba litatoa maji matamu," akasema. "Naomba watu wafurahi kama walivyofurahi siku ile. Mwalimu awe wa kwanza kunywa, kwa sababu watazamaji wanampenda."

"Mimi simo," Halfani akasema. Akaondoka. Hakugeuka hata Wilbert alipomwita kwa jina, na safari hii alilikumbuka.

Nilitaka kumfuata. Nikamtazama Mama Evarista nikitarajia naye aondoke, nipate ujasiri.

"Mkimaliza kurekodi, maji yatakayobaki ndani ya tangi ni ya nani?" akamuuliza Sara.

"Yenu yote, mama."

Akageukia wanawake waliokuwa wamesimama na ndoo, akasema nao kwa Kisandawe kwa muda mrefu. Hakuna aliyebisha. Kisha akaniambia, "Leo watoto hawataenda korongoni. Kunywa, mwalimu."

Nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu, na kiu yangu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana picha itakuwa nzuri. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Evarista akacheza kwa mabega, macho makavu, mpaka Sara akasema inatosha. Halafu wakajaza kila chombo walicho nacho, hadi masufuria, hadi mabeseni ya kuogeshea watoto. Jioni tangi lilikuwa tupu. Pampu ikaanza kulijaza upya, kutoka chini.

12 Aprili

Maji ya boza yamekwisha nyumbani.

19 Aprili

Kipindi cha mwisho kimerushwa. Duka la Halfani lilifungwa, nikakiona kwenye simu ya mwalimu mkuu. Kinapendeza. Kwa muda mfupi hata mimi niliamini.

Mama yangu amepiga simu analia kwa furaha. Shamila naye ametuma ujumbe kwa Kigogo: ameona, maji ni mengi, Mungu ni mwema, niwasalimie watu wangu. Mama yake amejifungua salama. Nimejibu hongera. Nilianza kuandika mengine nikafuta.

23 Aprili

Ofisa mmoja wa maji amepita na pikipiki. Mama Evarista alimweleza habari ya chumvi na kumwomba turudishwe kwenye mpango wa serikali wa bomba la mwaka ujao, tulikokuwamo kabla ya kisima. Yule bwana alikuwa mstaarabu. Alionja, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema kwenye hesabu zao Kwa Halu imeshawekwa kati ya vijiji vyenye maji, wakubwa wote wameona kwenye televisheni, na kuna vijiji vingi ambavyo havina kabisa.

"Sisi ndio hao," Mama Evarista akasema.

"Najua, mama. Lakini mmeonekana."

26 Aprili

Anga jeupe, hakuna hata wingu. Mvua za mwaka huu zimekwisha, kila mtu anajua.

Asubuhi wamekuja wanawake wa Ndoroboni, kijiji cha nyuma ya mlima, na punda wao, kila punda na madumu manne matupu. Walikuwa wametembea tangu giza. Anayewaongoza ni bibi mmoja mrefu mwenye fimbo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama usoni akatabasamu.

"Ni wewe. Uliyekunywa wa kwanza. Tumekuja kuwaomba, mwanangu. Hatutachota mengi."

Nilimwita Mama Evarista. Alikuja, akawasalimu wote mmoja mmoja kwa lugha yao, na bila maelezo akawapeleka kwenye bomba. Akafungua. Bibi akakinga kiganja, akanywa, akameza. Akakinga tena, akanywa, kama mtu anayefikiri amekosea yeye. Punda mmoja akainamisha kichwa kwenye beseni, akapuliza pua, akarudi nyuma.

Hakuna aliyetulaumu. Afadhali wangetulaumu. Bibi aliketi juu ya dumu lake akafunga upya kilemba, taratibu, na wenzake wakaketi kumzunguka kwenye kivuli chembamba cha mnara, wakisogea kila kivuli kiliposogea.

"Siku ile mlikuwa mnakunywa nini?" akaniuliza.

"Maji ya boza, bibi."

"Na boza linakuja lini tena?"

Halfani alikuwa amefika na sepeto lake begani. Ndiye aliyejibu. "Halirudi, bibi. Njooni, kuna mahali korongoni bado pabichi. Nitawachimbia, lakini msiingie mpaka niwaambie."

Wakafuatana naye, na sisi tukafuata. Akachimba shimo lao kando ya letu, akalipanua mdomo ili lisibomoke, akashuka mpaka mabega yakapotea. Tulichota kwa zamu, mmoja wetu, mmoja wao, kata kwa kata, hakuna aliyeruka foleni. Madumu mawili ya kwanza yalipojaa, maji yakaanza kuchelewa. Mama Evarista akawapisha watangulie kwa sababu wana njia ndefu.

Walipoondoka, nusu ya madumu yao yalikuwa bado yanagongana matupu juu ya punda. Tukarudi kwenye mashimo kusubiri. Jua lilizama tukiwa tumekaa, na hakuna kilichochuruzika, si katika shimo lao wala katika letu.